Goti la Tuktu wa Kwanza

Uluti alikuwa mtu wa kisu. Katika Tasialuk, mji mdogo ulioko ukingoni mwa ghuba, kila mwanamke alikuwa na ulu wake, kisu kile chenye ubapa uliopinda kama mwezi mwandamo. Lakini nyama ilipokuwa ya kugawiwa watu wengi, aliitwa Uluti. Alimchuna mnyama bila kuitoboa ngozi. Mifupa aliyoiacha ilikuwa myeupe hata mbwa waliinusa wakaondoka. Na akigawa hakuna aliyenung'unika, kwa kuwa alijua nani hana meno, nani ana wageni, nani mumewe amelazwa na mgongo na hajatoka kuwinda tangu majira yaliyopita.

Mume wake mwenyewe, Natsiq, alizama na pikipiki yake ya theluji mwaka ambao barafu ilichelewa kukaza. Tangu hapo Uluti aliishi kwa mikono ya wengine: wao walileta, yeye alikata. Hakuona haya kwa hilo. Kwao, aliyepata tuktu hakumfungia mlango. Tuktu ndiye mnyama wao, mwenye pembe za matawi na kwato pana za kukanyagia theluji, na nyama yake haikuwa ya mtu mmoja; aliyempata alitangaza kwenye redio ya kijiji, na wenye kutaka wakaja na mifuko yao. Kilichomuuma Uluti ni kwamba miongoni mwa waletaji hakuwamo hata mmoja wa tumbo lake.

Alikuwa na mwana, Jupi. Alichukuliwa angali mdogo kupelekwa kusini kutibiwa kifua. Kifua kilipona, mtoto hakurudishwa. Alipitishwa nyumba hadi nyumba za watu wengine mpaka akaota ndevu. Ndipo akarudi mwenyewe, na begi moja, na lugha ya nyumbani iliyokuwa imemganda kinywani palepale alipoiacha: lugha ya mtoto anayeomba maji.

Watu walimpokea vizuri, tena kwa utani, na utani ndio uliomchoma. Walimwita Mgeni Wetu. Akipita dukani, wanawake walimwambia, "Jupi, kuku wako ameshuka na ndege leo, ameulizia habari zako." Kuku hao waliogandishwa waliletwa kutoka mbali, na bei yao, kama alivyopenda kusema mzee Tulimaq, ilikuwa kana kwamba umemkatia kuku tiketi ya kwenda na kurudi.

Tulimaq huyo alikuwa kaka wa marehemu Natsiq. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini hakuacha kwenda porini; alisema pua yake inaona. Ndiye aliyemchukua Jupi na kumfundisha bunduki, upepo, na namna ya kulala juu ya theluji bila kuamka maiti. Mwaka mzima Jupi alirudi mikono mitupu. Tuktu wenyewe walikuwa wamepungua, na serikali ilikuwa imeweka kikomo cha wanaoweza kupigwa, basi kila safari ya bure ilihesabiwa na majirani kama dosari ya ukoo.

Kwa desturi yao, mtu hajawa mtu mpaka atoe mnyama wake wa kwanza. Atoe, si ale. Yeye mwenyewe haonji hata ukano. Na wa kwanza kula ni mkunga aliyemkata kitovu. Mkunga wa Jupi alikuwa mama yake Uluti, bibi mmoja aliyeitwa Ukaliq, ambaye alikuwa amekufa zamani. Lakini jina halizikwi. Baada ya maziko ya bibi yule, katika nyumba ya jirani alizaliwa mtoto wa kike, akapewa jina la Ukaliq, na pamoja na jina akapewa undugu wote. Kwa hiyo Uluti, mwanamke mwenye mvi, alimwita msichana yule "mama", na msichana akamwita yeye "mwanangu", na Jupi akamwita "bibi". Hakuna aliyeona ajabu. Sasa Ukaliq alikuwa mke wa mtu, mumewe yuko kazini mgodini, naye ana ujauzito ulioanza kuonekana chini ya koti. Aliyemo tumboni alikuwa amekwisha kupangiwa jina: akiwa mvulana au msichana, ataitwa Natsiq.

"Hii sasa ni kali," Tulimaq alisema siku alipoambiwa. "Mama mkwe anamzaa mkwe wake! Shemeji Uluti, jiandae kumbadilisha mumeo nepi."

Uluti alicheka mpaka akaketi. Kisha alijifungia chooni akalia kidogo, kwa furaha.

*

Siku ambayo Jupi alipata, theluji ilikuwa changa na jua limelala chini juu ya ghuba. Watu waliisikia pikipiki ya theluji kabla ya kuiona, na kwa jinsi ilivyonguruma wakajua kuna mzigo.

"Shemeji!" Tulimaq alipaza sauti hata mashine haijazimwa. "Leta ulu wako! Mgeni Wetu leo si mgeni tena!"

Milango ilifunguka. Wanawake walitoka na makoti yasiyofungwa, wakapiga kelele za shangwe. Mnyama alikuwa amelala juu ya sleji ya mbao iliyokokotwa nyuma ya pikipiki, amekwisha kutolewa matumbo, ngozi bado iko mwilini. Jupi alisimama kando yake, ndevu zimeshika barafu, hajui mikono aiweke wapi.

"Sikilizeni," alisema Tulimaq, amekaa juu ya sleji kama mwenye karamu. "Wenzake walikimbia wote. Huyu akabaki. Akageuza uso, akamtazama Jupi kama mtu aliyeitwa kwa jina. Nimewinda tangu nikiwa na meno ya maziwa, sijangojwa hivyo hata siku moja. Mimi hata mbwa wangu hunikimbia."

"Ni kwa sababu ya harufu yako," mwanamke mmoja alimjibu, na watu wakacheka.

Lakini walikuwa wameelewa. Mnyama anayesimama amejitoa mwenyewe kwa mwindaji. Hiyo ni heshima, na heshima haijadiliwi.

Uluti alipopiga magoti kuanza kuchuna, Jupi aliinama karibu na sikio lake.

"Mama. Yule mnyama, mguu. Mguu mbaya. Anachechemea. Kabla mimi kupiga. Ni sawa?"

"Shh," Uluti alisema. "Mnyama hasemwi vibaya, wenzake husikia."

"Mimi nauliza tu—"

"Alikungoja. Basi."

Uluti aliupitisha ulu chini ya ngozi ya mguu wa mbele, taratibu kama kawaida yake, na ngozi ilipofika gotini ikagoma. Aliusukuma ulu. Goti lilikuwa limevimba kama ngumi mbili zilizofungwa pamoja, na ngozi ilipoachia, maji mazito ya manjano yalimwagika juu ya vidole vyake.

Alijua. Si kwamba hakujua. Hilo ndilo lililomtesa baadaye. Mama yake, Ukaliq wa kwanza, alimwonyesha goti la namna hiyo Uluti angali binti, akamwambia: huyu mwachie mbwa mwitu. Kwa mbali tuktu anayemngoja mtu na tuktu asiyeweza kukimbia ni kitu kimoja. Ukimkaribia, goti ndilo linalosema. Tulimaq kwa macho yake yale hakuliona. Jupi aliliona, lakini hakujua anachokiona.

Uluti aliinua kichwa. Watu wote walikuwa wakimtazama Jupi. Mtu alimpiga bega, mwingine akamvuta ndevu. Mwanawe alikuwa akicheka, cheko ambalo hakuwa amelisikia tangu alipokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, ndani ya kofia pana ya koti lake.

Alilikata goti, akalikunja ndani ya kipande cha ngozi, akalisukuma chini ya pipa la takataka. Akausugua ulu kwenye theluji mara kadhaa, theluji ikawa ya manjano, akaifunika kwa mguu. Kisha akaendelea kukata.

*

Boksi kubwa lilikunjuliwa sakafuni katika nyumba ya Uluti, na nyama iliyoganda ikawekwa juu yake, mbichi, kama inavyoliwa. Hakuna aliyegusa. Walimngoja Ukaliq.

Alikuja akihema, mkono kiunoni.

"Mama, kaa hapa kwenye mto," alisema Uluti.

"Usinihangaikie, mwanangu, umezeeka wewe. Yuko wapi mjukuu wangu? Nilimkata kitovu kwa mkono wangu huu, akanikojolea, na leo ndiyo ananilipa."

Nyumba nzima iliangua kicheko. Jupi alimpa kipande cha nyama ya paja kwa mikono miwili, kama alivyoelekezwa. "Kula, bibi," alisema. Ni maneno mawili, lakini aliyatamka bila kosa.

Ukaliq alishika nyama kwa meno, akakata kwa ulu karibu na midomo, akatafuna amefumba macho. Uluti alimtazama akitafuna. Kulikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa ndefu ya kutosha mtu kutafuna kipande kimoja akameza. Kisha Ukaliq alisema, "Tamu," na wengine wote wakajongea kwenye boksi, na nafasi ile ikafungwa.

Usiku ule nyama ya Jupi ililala katika nyumba nyingi za Tasialuk. Yeye hakuionja, kama desturi ilivyotaka, na Uluti alishukuru kwa hilo, akajichukia kwa kushukuru.

*

Alijiambia kwamba si kila goti lina sumu. Pengine mnyama alianguka kwenye mawe. Alijiambia kwamba wengi wangeichemsha nyama yao, na moto huua kila kitu. Lakini Ukaliq hakuwa mtu wa kuchemsha. Ujauzito ulikuwa umempa hamu ya nyama mbichi ya baridi, na kila Uluti alipopita kumjulia hali alimkuta na boksi sakafuni.

Siku moja alimpelekea sufuria ya supu. "Mama, kula hii. Nipe ile mbichi nikuchemshie, kwa hali yako."

Ukaliq alimkodolea macho, kisha akacheka. "Tangu lini mtoto anamfundisha mama yake kula? Ukiwa tumboni mwangu wewe nilikula mbichi, na ona ulivyonenepa."

"Nasema tu. Siku hizi kuna magonjwa."

"Magonjwa yako kwenye makopo ya dukani, mwanangu. Kaa ule."

Uluti alikaa, na akala ile mbichi. Aliona hiyo ndiyo haki.

Ilipita miezi miwili hivi. Ghuba ilifunga barafu, watu wakaanza kuvua kwenye matobo. Uluti alikuwa amekaribia kusahau alipoingia kwa Ukaliq na kumkuta amejifunika mablanketi, uso umelowa, fulana imebandika mgongoni.

"Ni mafua tu," Ukaliq alisema. "Huja jioni, asubuhi naamka mzima. Ila magoti yananiuma, sijui ni uzito wa huyu mumeo."

Neno hilo, magoti, lilimwingia Uluti kama ncha ya barafu. Alikuwa pia amesikia kwamba bwana mmoja wa upande wa uwanja wa ndege hatoki kitandani, homa inamjia na kumwacha. Alijua nyama ya nani ilikuwa katika nyumba ile, kwa maana aliikata yeye.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini Uluti aliona kwamba kifo kilikuwa kimeanza kumuumbua mtu mwingine badala yake.

*

Alimwambia Jupi kwanza. Jupi alikuwa anatengeneza mnyororo wa mashine, mikono imejaa grisi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka bisibisi chini.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Mimi nilikuuliza, mama."

Hakuwa na maneno mengine katika lugha ile, na hayo yalitosha. Halafu akasema, akitafuta kila neno kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, "Sema ni mimi. Jupi hajui. Jupi mtu wa kusini, mjinga, ameleta mnyama mbaya. Watu watacheka. Hawatakasirika."

Ilikuwa kweli. Wangecheka, wangemsamehe siku hiyohiyo. Na angebaki Mgeni Wetu mpaka kaburini. Uluti alilijua hilo, na aliona mwanawe pia analijua.

"Nikumbushe koti langu liko wapi," alisema.

Alikwenda kwa Ukaliq. Hakukaa. Alisimama mlangoni, buti zikimwaga theluji sakafuni, akasema yote: mguu, goti, maji ya manjano, pipa. Ukaliq alimsikiliza bila kupepesa. Mkono wake ulishuka tumboni, ukakaa hapo.

"Ulinitazama nikila," alisema hatimaye.

"Nilikutazama."

"Mimi ni mama yako."

"Ndiyo, mama."

"Uluti," Ukaliq alisema. "Nenda ukawashe mashine. Nipeleke kwa nesi."

Aliliita jina lake tupu. Kwa watu wale, mdogo hamwiti mkubwa jina tupu, wala mama hamwiti mwanawe hivyo; jina tupu huitwa mtu usiye na undugu naye. Uluti alitoka kuwasha mashine.

Nesi, mwanamke mrefu aliyekuja kutoka kusini kwa mkataba, hakupiga kelele. Aliuliza maswali, akachukua damu, akasema damu lazima iende na ndege ya kesho. Akataja jina la ugonjwa: brusela, unaotoka kwa wanyama na kuwapata watu. Alisema dawa ipo. Alipoulizwa kuhusu mtoto, alifunika chupa za damu kwanza, moja baada ya nyingine, kabla ya kujibu kwamba Ukaliq naye aende na ndege hiyohiyo.

"Na wengine waliokula?" nesi aliuliza. "Nani anajua ni akina nani?"

"Mimi," Uluti alisema.

*

Jioni ile redio ya kijiji ilikuwa na bingo, mchezo wa bahati wa namba. Ni saa ambayo huwezi kumpata mtu Tasialuk. Kila nyumba watu wameinamia kadi zao, na mtangazaji anasoma namba kana kwamba anasoma msiba. Uluti aliingia chumba cha redio, Jupi nyuma yake, akamgusa mtangazaji begani.

"Nipe kidogo."

"Mama Uluti, nimebakiza namba chache watu wapige bingo. Wataniua."

"Wataniua mimi. Nipe."

Alikaa mbele ya kipaza sauti. Mara zote alizokikalia kiti kile alikuwa na maneno mafupi: nyama ipo, njooni.

"Ni Uluti," alisema. "Nyama ya tuktu wa kwanza wa mwanangu ina ugonjwa. Goti lake lilikuwa limevimba. Mwanangu aliliona akaniuliza, mimi nikamnyamazisha. Nilijua. Nilitaka mwanangu apate siku yake. Iliyobaki kwenye friza zenu msiile, msiwape mbwa. Irudisheni kwangu. Mwenye homa inayokuja na kuondoka, mwenye kuumwa viungo, aende kwa nesi kesho." Kisha akasema tena, kwa sauti ndogo, "Naomba mrudishe."

Hakuna aliyewahi kusikia kitu kama hicho. Nyama ikishatolewa imetolewa; kuidai ni kama kumdai mtu pumzi aliyovuta. Mtangazaji alikuwa ameshika namba yake hewani. Ndipo Jupi akasogea, akainamia kipaza sauti.

"Mmoja mbaya," alisema. Kila mtu mjini alisikia jinsi alivyokuwa anahangaika. "Mmoja. Wengine wazuri. Msiogope tuktu. Mimi nitaangalia magoti. Kila mmoja, kila siku. Mimi Jupi."

Simu zilianza kulia kabla hawajatoka. Mwanamke mmoja alisema mama yake ametapika kwa hofu tu. Mwingine aliuliza kwa uchungu, "Sasa tule nini, Uluti? Tule kuku wenye tiketi?" Mmoja alitukana akakata. Na mmoja alitaka kujua kama bingo itaendelea, maana alikuwa amebakiza namba moja.

Walirudisha. Wengine walileta mfuko mpaka mlangoni wakauweka chini bila kubisha. Wengine, kwa woga, walitupa hata nyama nzuri ya wanyama wengine, na hiyo ndiyo hasara iliyomuuma Uluti kuliko matusi, kwa sababu majira yalikuwa bado marefu. Jupi alibeba yote kwa sleji mpaka jalalani, akaimwagia mafuta, akachoma. Upepo ulivuma kuelekea nyumbani. Harufu ya tuktu anayeungua ilikaa juu ya Tasialuk jioni nzima, harufu ya karamu isiyo na mlaji, na mbwa walilia kwenye minyororo yao.

Tulimaq alikuja kusimama kando ya moto. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

"Umemsema mnyama, shemeji. Hewani, kila kitu kikisikia. Walikuwa wamepungua hivyohivyo. Watu wa kusini walishatuambia tule kidogo. Sasa umewapa neno la kutuambia tusile kabisa."

"Ningenyamaza?"

Mzee alisugua macho yake yenye ukungu. "Sijui. Nilisema alimngoja. Ni mimi niliyesema, mbele ya watu wote." Alisimama kidogo zaidi. "Nilidhani naona."

*

Damu ilirudi na jibu ambalo Uluti alilitarajia. Waliougua walipewa vidonge vya wiki nyingi. Bwana wa upande wa uwanja wa ndege alianza kutembea kwa fimbo. Ukaliq alibaki hospitali ya kusini. Hakupiga simu. Uluti alipata habari zake kwa watu: homa imeshuka, mtoto bado yumo, madaktari hawasemi zaidi ya hapo.

Tuktu hawakupita karibu majira yale. Kulikuwa na watu waliosema ni barafu, na waliosema ni redio. Dukani wanawake hawakumtania tena Jupi habari za kuku, hawakumwambia lolote. Uluti hakuitwa kukata. Ulu wake ulikaa ukutani, na alishona mabuti akiwa ameupa mgongo.

Kisha Jupi na Tulimaq walikwenda mbali, siku nyingi, mpaka watu wakaanza kuulizana. Waliporudi walikuwa na tuktu wawili. Jupi hakuwapeleka nyumbani. Alisimamisha sleji katikati ya mji, mbele ya duka, mahali ambapo kila mtu angeona, akapiga magoti kwenye theluji, akakata ngozi ya miguu ya mbele kabla ya kugusa kitu kingine. Goti la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Yalikuwa makavu, meupe, membamba kama ya mtoto mwenye njaa. Aliyaacha wazi. Watu walikuja, wakainama, wakatazama. Mzee mmoja aliligusa goti moja kwa kidole. Kulikuwa na waliochukizwa na jambo lile, kumkagua mnyama hadharani kama bidhaa, na walisema hivyo kwa sauti. Lakini mifuko ililetwa.

"Shemeji," Tulimaq aliita, kwa sauti ya chini kuliko zamani. "Ulu."

Uluti alikuwa bado anakata, mikono imekufa ganzi, Jupi alipomjia mbio na simu. "Mama. Bibi."

Aliishika simu kati ya sikio na bega. Kulikuwa na kelele za hospitali, magurudumu, mtu akiitwa.

"Wananilisha kuku," alisema Ukaliq. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Kila siku kuku. Ana ladha ya mfuko wake."

"Mtoto?"

"Anapiga teke. Wanasema tusubiri. Kila siku wanasema tusubiri." Uluti alisikia pumzi yake ikija na kwenda. "Nimesikia Jupi amepata."

"Wawili."

"Nitumie kidogo kwa ndege. Iliyochemshwa, wanipashie tu moto." Kisha akauliza, "Umeyaangalia magoti?"

Uluti aliyatazama, pale chini kwenye theluji, yote manne, yakiwa wazi.

"Nimeyaangalia."

"Yaangalie tena," alisema Ukaliq.

Hakumwita mwanangu, wala hakumwita Uluti. Uluti aliweka ulu chini, akapiga magoti, akayaangalia tena, moja baada ya jingine, simu bado sikioni, na huko mbali Ukaliq akingoja.